Mota Mpya, Kebo ya Kubahatisha

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Emco ya mji wa Hallein, jirani na Salzburg nchini Austria, ilileta sokoni mashine ya kukereza vyuma iliyotosha juu ya meza ya darasani. Iliitwa Compact 5 CNC. Ilikuwa na kioo kidogo, vitufe vya kuingizia amri na mahali pa kutia kaseti, kwa kuwa programu za kazi zilihifadhiwa kwenye kaseti. Huko Yorkshire, Uingereza, kampuni mbili za miji jirani, Denford ya Brighouse na Boxford ya Halifax, nazo zilitengeneza mashine za jamii hiyo kwa ajili ya shule na vyuo. Vijana wengi wa Ulaya waliandika programu yao ya kwanza ya kukata chuma mbele ya mashine hizo.

Miaka 40 baadaye, chuma cha mashine hizo bado kizima. Kitanda cha mashine hakijapinda, mhimili unazunguka kimya, skrubu za mwendo zinahitaji kusafishwa tu. Kilichokufa ni umeme: mbao za saketi zimechoka, vipuri vyake havitengenezwi tena, na kaseti hakuna. Ndiyo maana wenye karakana ndogo wanazinunua kwa bei nafuu, wanang'oa vifaa vya zamani, kisha wanafunga mota mpya, viendeshi vipya na kompyuta yenye programu kama LinuxCNC. Programu hiyo hutolewa bure, na chimbuko lake ni mradi wa miaka ya 1990 wa taasisi ya taifa ya viwango ya Marekani, NIST.

Kuvisha mashine ya zamani akili mpya si jambo la jana. Mashine ya kwanza kabisa kuongozwa kwa tarakimu, iliyoonyeshwa katika chuo cha MIT nchini Marekani mwaka 1952, ilikuwa mashine ya kawaida ya kusaga chuma, Cincinnati Hydro-Tel, iliyofungiwa mota na kuunganishwa na kidhibiti chenye vali 292 za kielektroniki. Wazo lilitoka kwa John T. Parsons, aliyekuwa akihangaika na umbo la mabapa ya helikopta. Hata wajenzi wa mashine hiyo walilazimika kuamua nyaya zipite wapi.

Uamuzi huo ndio unaodharauliwa leo. Mtu hulinganisha mota kwa wiki nzima, husoma sifa za kila kiendeshi, huagiza skrubu mpya kutoka China, halafu siku ya kuunganisha huokota kebo yoyote iliyobaki kwenye droo, huifunga kwa vifungio vya plastiki pembeni mwa mashine na kuwasha. Mashine inatembea. Anapiga picha. Baada ya miezi michache, shafti zinaanza kutoka na vipimo visivyoeleweka, na lawama zote zinakwenda kwa programu.

Inafaa kueleza kwa nini kebo ina haki ya kufikiriwa mapema kuliko karibu kitu kingine chochote kwenye sanduku la umeme. Kiendeshi kinakaa ndani ya sanduku, pakavu, hakitikisiki. Kompyuta vivyo hivyo. Mota inasogea, lakini imefungwa kwa boliti nne kwenye chuma. Kebo ndiyo sehemu pekee ya umeme inayoishi ikipinda na kunyooka, ikimwagiwa mafuta ya kupozea, ikinyeshewa chembe za chuma zenye makali, na bado ikitakiwa kupitisha umeme bila kukosa hata mara moja.

Mashine ya kukereza ina miendo miwili mikuu. Mmoja, uitwao Z, hupeleka kibebeo cha kisu sambamba na kitanda, kwenda na kurudi kwenye chaki inayoshika kipande cha chuma. Mwingine, uitwao X, hupeleka kisu ndani na nje, na ndio unaoamua kipenyo cha kazi. Mota ya Z kwa kawaida hufungwa mwishoni mwa kitanda na haihami. Kebo yake ni rahisi: ikishalindwa dhidi ya mafuta, imemalizika. Matatizo yako kwa mota ya X. Yenyewe hupanda juu ya kibebeo, hivyo husafiri pamoja nacho urefu wote wa kitanda. Kila kibebeo kinapokwenda, kebo ya X huburutwa. Kila kinaporudi, hukunjwa.

Tuseme karakana inakereza bushi, na kila bushi inahitaji kibebeo kiende na kurudi mara 20. Bushi 100 kwa siku ni mikunjo 2,000. Kwa siku 300 za kazi ni mikunjo 600,000. Shaba haisahau. Kila ikikunjwa huzidi kuwa ngumu, hadi inafika siku inakatika kama waya unaochezewa mkononi. Tofauti ni kwamba ndani ya kebo haionekani: ganda la nje liko salama, rangi inang'aa, lakini ndani nyuzi mbili zimekatika, kesho tatu, kesho kutwa zimebaki chache zinazogusana tu pale kebo inaponyooka.

Hapo ndipo aina ya kebo inapoanza kuwa na maana. Kiwango cha kimataifa cha IEC 60228 kinagawa nyaya za shaba kwa madaraja kufuatana na wembamba wa nyuzi zake. Waya wa ukutani, ule wenye uzi mmoja mnene, ni wa daraja la 1, na haufai kabisa kwenye kitu kinachotembea. Daraja la 5 ni kebo laini ya kawaida, kama ya pasi au ya kuchomekea vifaa vya nyumbani. Kwa ukubwa wa milimita mraba 1.5, kila uzi hauzidi unene wa milimita 0.26. Daraja la 6 lina nyuzi zisizozidi 0.16 kwa ukubwa uleule. Nyuzi nyembamba huvumilia mikunjo mingi zaidi. Kwa kebo ya mota ya X, ya daraja la 6 iliyotengenezwa mahususi kwa mwendo wa kudumu ndiyo ya kununua, na urefu unaohitajika kwenye mashine ndogo ni mita mbili au tatu tu. Kubana pesa hapo ni kubana mahali pasipofaa.

Ganda la nje nalo si la kupuuza. Plastiki ya PVC, ambayo ndiyo ya bei rahisi, hukauka na kupasuka ikikaa muda mrefu kwenye baadhi ya mafuta ya kukatia. Mpira wa asili hufura ukilowa mafuta ya petroli. Poliyurethani huvumilia mafuta na michubuko vizuri zaidi, na kebo nyingi za viwandani zinazopita karibu na kisu huvaa ganda hilo. Kuna pia suala la joto: chembe ya chuma cha kawaida inayoruka ikiwa na rangi ya buluu imefika nyuzi joto takribani 300 za Selsiasi, wakati PVC ya kawaida hukadiriwa kwa nyuzi 70. Chembe moja haitachoma kebo. Rundo linalotuama juu yake kwa saa nzima ni jambo jingine.

Kisha kuna misokoto. Kisu kikiwa butu au kasi ikiwa si sahihi, chuma hakikatiki vipande vifupi, hutoka kama uzi mrefu wenye makali pande zote mbili. Uzi huo hujizungusha kwenye chaki inayokwenda mizunguko 1,000 au zaidi kwa dakika, na chochote kilichoning'inia karibu hunaswa na kuvutwa. Kebo iliyolegezwa mbele ya kibebeo, upande anaosimama mkereza, iko njiani kabisa. Ikinaswa, si kebo peke yake inayoharibika. Inaweza kung'oa plagi, kukata waya wa eathi na kuacha mashine ikiwa na umeme kwenye mwili wake.

Kwa hiyo njia ya kebo huanza kuchorwa kabla ya sanduku la umeme kufungwa ukutani. Mtu asimame mbele ya mashine ikiwa imezimwa, asukume kibebeo kwa mkono hadi mwisho wa kushoto, kisha mwisho wa kulia, na atazame ni sehemu gani ambazo chaki huzirushia mafuta. Chaki hurusha mafuta kwenye mstari wake wenyewe, juu, mbele na nyuma, kama duara lililosimama. Kebo isipite kwenye duara hilo. Kwa mashine nyingi ndogo, mahali pazuri ni nyuma ya kitanda, chini kidogo ya usawa wa kibebeo, upande wa mkiani ulio mbali na chaki, na sanduku la umeme likae upande huohuo ili kebo isilazimike kuvuka mashine nzima.

Nyuma huko ndiko mahali pa mnyororo wa kebo, ule wa pingili za plastiki unaojikunja kama jongoo. Wazo lake lilitoka Ujerumani mwaka 1953, kwa Gilbert Waninger, na minyororo ya mwanzo ilikuwa ya chuma. Baadaye makampuni kama igus ya Cologne, iliyoanzishwa mwaka 1964, yalieneza ile ya plastiki, na leo mnyororo mdogo hupatikana kwa bei ya chakula cha mchana. Kazi yake ni moja: kuzuia kebo isikunjwe kwa mkunjo mkali kuliko ule uliokubaliwa, na kuifanya ikunjwe kwenye njia ileile kila mara.

Hapa wengi hukosea kwa namna moja. Mnyororo hununuliwa kwa kutazama upana wa ndani, kama nyaya zitaenea. Kipimo kinachotakiwa kutazamwa kwanza ni nusu kipenyo cha mkunjo. Watengenezaji wa kebo za mwendo kwa kawaida hutaka mkunjo usiopungua mara saba na nusu ya unene wa kebo, wengine mara kumi. Kebo yenye unene wa milimita 8 inataka nusu kipenyo cha milimita 60. Minyororo mingi ya bei rahisi iliyotengenezwa kwa mashine za kuchapa vitu vya plastiki ina nusu kipenyo cha milimita 28 au chini ya hapo. Kebo itaingia vizuri, itaonekana nadhifu, na itakatika ndani ya mwaka kwa kulazimishwa kupinda mara mbili ya uwezo wake.

Urefu wa mnyororo ni hesabu fupi. Ncha isiyotembea ikifungwa katikati ya mwendo, chukua nusu ya mwendo wa kibebeo, ongeza nusu kipenyo mara 3.14, kisha acha pingili mbili tatu za kufungia. Kwa mwendo wa milimita 300 na nusu kipenyo cha 60, ni 150 kujumlisha 188, yaani milimita 338 kabla ya vifungio. Ncha isiyotembea ikifungwa mwisho wa mwendo badala ya katikati, mnyororo utahitaji kuwa mrefu zaidi na utakosa nafasi ya kukaa kwenye mashine ndogo.

Ndani ya mnyororo, kebo ziachwe huru. Watu hupenda kuzifunga pamoja kwa vifungio ili zipendeze, na hilo huziua. Mnyororo unapojikunja, kebo ya upande wa nje wa mkunjo husafiri umbali mrefu kidogo kuliko ya ndani. Zikifungwa pamoja, moja huvutwa na nyingine husukumwa, na baada ya muda kebo nzima hujisokota kama kamba, nyuzi zikipindana ndani ya ganda. Kila kebo ipewe nafasi ya kuzunguka, angalau sehemu ya kumi ya unene wake kila upande. Zifungwe imara nje ya mnyororo tu, kwenye ncha zote mbili, ili mvuto wowote uishie kwenye kifungio na usifike kwenye plagi ya mota. Tena kabla ya kuingizwa, kebo iliyonunuliwa ikiwa imeviringishwa ikunjuliwe chini na kuning'inizwa kwa siku moja ipoteze msokoto wa kwenye roli.

Lakini mnyororo si dawa ya kila mahali. Mwendo wa X kwenye mashine ndogo mara nyingi hauzidi milimita 60 hivi. Kwa umbali huo, kitanzi kimoja laini cha kebo kilichoelekezwa chini, ndani ya bomba laini lenye uti wa chuma na ganda la plastiki, kinatosha na pengine ni bora kuliko mnyororo mdogo unaojaa chembe. Kuweka minyororo miwili juu ya mashine ya mezani ni mapambo zaidi kuliko kinga. Mnyororo wa Z, kwa upande mwingine, unahitaji kifuniko: bati la unene wa milimita moja lililokunjwa kama paa, likifunika urefu wote, huzuia chembe zisiingie katikati ya pingili. Chembe moja iliyokwama kwenye kiungo hugeuza mkunjo kuwa kisu.

Maji na mafuta yana tabia yao. Hufuata kebo. Tone likianguka juu ya kebo inayoshuka moja kwa moja kuingia kwenye mota, litafuata ganda hadi ndani, na mota nyingi za hatua, yaani zinazozunguka kwa vipande vidogo vinavyohesabika, za ukubwa wa NEMA 23, zile zenye uso wa milimita 57, hazijazibwa mahali nyaya zinapotokea. Dawa yake haigharimu kitu: kebo ishushwe chini ya usawa wa tundu, kisha ipande kuingia, ili tone lidondoke kwenye kiwiko badala ya kuingia. Kwenye sanduku, kebo ziingilie chini, kila moja kupitia glandi yenye mpira unaobana mwili wake. Tundu lililotobolewa kwenye bati na kuachwa na makali litakata ganda polepole kwa mtikisiko, hata kama kebo haionekani kusogea.

Mkereza mwenye bidii anaweza kufuata yote hayo na bado akapata vipimo vibovu, kwa sababu kebo ya mota haibebi umeme tu, inatangaza. Kiendeshi cha mota ya hatua hukata na kuwasha umeme mara 20,000 au zaidi kwa sekunde ili kudhibiti mkondo. Inveta, yaani kiendeshi cha mota kubwa ya kuzungushia chaki, hufanya hivyo mara elfu kadhaa kwa sekunde, tena kwa volti mia kadhaa. Kila ukataji ni mshtuko mdogo unaoruka hewani na kuingia kwenye waya wowote ulio jirani. Ukiwa ni waya wa ishara unaotoka kwenye kompyuta kwa volti 5, mshtuko wa chini ya sehemu ya laki moja ya sekunde unatosha kiendeshi kudhani kimeamriwa kusogea.

Hesabu yake inaeleza mengi. Mota ya kawaida ina hatua 200 kwa mzunguko. Kiendeshi kikizigawa kwa kumi, ni mapigo 2,000 kwa mzunguko, na skrubu ya milimita 5 husogeza kisu milimita 0.0025 kwa kila pigo. Mapigo 20 ya uongo yakiingia upande mmoja, kisu kimehama milimita 0.05, na kwa kuwa chuma kinazunguka, kipenyo kimebadilika kwa 0.1. Kiti cha beringi cha milimita 20 kwa kipimo cha k6, ambacho beringi nyingi hutaka, kinaruhusu kuzidi kwa kati ya milimita 0.002 na 0.015 tu. Kosa la 0.1 ni shafti ya kutupwa.

Kuna alama inayosaidia kujua ugonjwa ni upi. Mota ya hatua ikishindwa kwa sababu kebo imekatika ndani au mzigo umezidi, kwa kawaida hupoteza nafasi kwa vipande vya hatua nne kamili. Kwa skrubu ya milimita 5 hiyo ni milimita 0.1 kwenye X, yaani 0.2 kwenye kipenyo, au mara mbili yake, au mara tatu. Kosa linaruka. Mapigo ya uongo ya umeme, badala yake, huongeza kosa kidogo kidogo, bila kipimo maalumu, na mara nyingi huonekana tu chaki inapowashwa. Anayejua tofauti hiyo hupunguza siku nyingi za kubahatisha.

Kinga ya mwingiliano huo ni umbali na wavu. Kebo za mota na kebo za ishara zipite njia tofauti, zikiachana sentimita 20 hadi 30 pale nafasi inaporuhusu, na zikilazimika kukutana zikatane kwa pembe mraba, zisilale sambamba. Ndani ya mnyororo mmoja, ukuta wa kutenganisha uwekwe katikati, mota upande mmoja, swichi upande mwingine. Kebo ya mota iwe na wavu wa shaba unaozunguka nyaya zote, na wavu huo ubanwe kwa klipu ya chuma kwenye bati la sanduku ukiguswa pande zote. Kuusokota wavu kuwa mkia mrefu na kuufunga kwenye skrubu ya mbali hupoteza sehemu kubwa ya kazi yake. Kebo ya inveta wavu wake hufungwa ncha zote mbili, kwenye sanduku na kwenye mwili wa mota. Kebo nyembamba za ishara kwa kawaida hufungwa upande wa sanduku tu, ili wavu usigeuke njia ya mkondo wa eathi.

Swichi za kikomo, zile zinazoizuia mashine isijigonge, ziunganishwe kwa namna ambayo umeme hupita muda wote na kukatika swichi inapoguswa. Kebo yake ikikatwa na msokoto wa chuma, mashine husimama papo hapo na kuomba msaada. Ikiunganishwa kinyume, kebo iliyokatika hukaa kimya hadi kibebeo kigonge chaki. Volti 24 kwa swichi hizo ni bora kuliko 5, kwa kuwa mshtuko mdogo hauwezi kuiga volti 24 kwa urahisi.

Waya wa kijani na njano, wa eathi, hauachiwi baadaye. Kiwango cha IEC 60204-1 kuhusu umeme wa mashine kimeuwekea rangi hiyo peke yake, na kila mwili wa mota, kitanda cha mashine na mlango wa sanduku vinapaswa kuunganishwa nao. Fundi wa mitaa ya karakana kama Gerezani au Gikomba anayejua kuchonga bushi kwa mkono amezoea mashine yenye mota moja kubwa na swichi moja. Mashine iliyovishwa akili mpya ina mota tatu, kila moja ikiwa na kebo inayoweza kuchubuka. Bila eathi, mchubuko wa kebo ya inveta ni mauti inayosubiri mkono uliolowa mafuta.

Kwenye ncha za nyaya, jambo dogo hufanya tofauti kubwa. Wengi hutia risasi kwenye nyuzi kabla ya kuzibana kwenye skrubu, wakiamini zimekuwa imara. Risasi hulegea taratibu chini ya mkandamizo, na pale inapoishia nyuzi hupata ncha ngumu ambapo hukatika kwa mtikisiko. Kijibomba cha shaba kilichobanwa kwa koleo lake maalumu hushika nyuzi zote bila kuziumiza. Plagi za mviringo zenye skrubu ni nzuri upande wa mota, kwani kebo ya X ni kitu cha kubadilishwa kila baada ya muda na mtu hatakiwi kufumua sanduku zima kwa ajili hiyo. Sharti lake ni kali: plagi ya mota ya hatua isichomolewe umeme ukiwa umewashwa. Mkondo uliokuwa ukipita kwenye koili hukosa njia, volti hupanda ghafla, na kiendeshi kinaweza kufa papo hapo. Inveta nayo hubaki na umeme kwenye kapasita baada ya kuzimwa, hivyo hungojwa dakika zilizoandikwa kwenye kitabu chake kabla mtu hajaigusa.

Katika karakana zenye nafaka au chakula jirani, panya nao wahesabiwe. Hupenda ganda laini na joto la sanduku. Glandi zilizokaza na bomba lenye uti wa chuma huwazuia pamoja na mafuta.

Kazi ikikamilika, upimaji hauanzi kwa kukata chuma. Geji ya saa hufungwa kwenye kitanda, ncha yake ikigusa kibebeo cha X, na mshale huwekwa kwenye sifuri. Programu fupi huandikwa ya kupeleka kisu ndani na nje huku kibebeo kikisafiri urefu wote wa kitanda, mara mia kadhaa, chaki ikiwa imesimama. Mshale ukirudi sifuri, programu hurudiwa chaki ikizunguka kwa kasi kubwa bila kitu ndani yake, ili inveta ipate nafasi ya kusumbua. Kisha kebo ya X hushikwa kwa mkono uliovaa glavu, upande wa mbali na chaki, na kutikiswa polepole pingili kwa pingili wakati kibebeo kinatembea. Mota ikitetemeka au kubadili sauti sehemu moja tu, mahali penye tatizo pamepatikana, na kebo huchomolewa baada ya umeme kuzimwa. Mshale ukiruka milimita 0.1, mashaka ni ya kebo au mzigo. Ukisogea polepole wakati chaki inazunguka, wavu na eathi ndivyo vya kukaguliwa kwanza. Majibu hayo huandikwa kwa kalamu ndani ya mlango wa sanduku, pamoja na mchoro wa njia ya kila kebo, namba yake na tarehe iliyofungwa, kwa ajili ya mtu atakayefungua mlango huo baada ya miaka mitano.